Vitabu Vya Kusoma Jioni

Wengi wenu mwaniuliza ni kitabu gani chafaa kusomwa nyumbani baada ya kazi za shamba. Mtafuteni Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyeandika *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilichochapwa mwaka 1960. Humo mtu aonekana ameuawa penye mzimu. Lakini Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, hasadiki uvumi. Auliza, atazama, apima maneno ya kila mtu, hata mwuaji ajulikana kuwa ni mwanadamu. Mkiisha hicho, someni *Simu ya Kifo* cha Faraji Katalambulla, cha mwaka 1965.

Basi, ndugu zangu wa Ngarambe, mtu akifa ghafula, tusimtaje jirani kuwa mchawi. Kwanza tuulize kama Bwana Msa. Someni kwa sauti, wazee nao wasikie.