Samaki Si Mfagizi

Kuna ushauri ambao kila anayeanza kufuga samaki wa mapambo hupewa bure, na labda kwa sababu ni wa bure hakuna anayeukagua: kioo kikiota kijani, nunua samaki anayekula mwani. Muuza matangi anausema, rafiki aliyewahi kufuga anaurudia, na mnunuzi anashuka kwenye basi Korogwe au Handeni akiwa na mfuko wa plastiki wenye maji, hewa na samaki mweusi mwenye mdomo wa kunyonya. Ushauri huo naupinga. Ndani ya tangi ni uongo. Nje ya tangi ni hatari kwa mto unaotunywesha.

Tuanze ndani. Mwani ninaousema si ule unaolimwa baharini kule pwani ya Tanga. Ni ule utando wa kijani au wa kahawia unaoshika kwenye kioo, mawe na majani. Hauji kwa sababu samaki fulani amekosekana. Unakuja kwa sababu mwanga umezidi na chakula kimezidi: tangi limewekwa dirishani, taa inawaka tangu alfajiri mpaka watu walale, na kila mtoto anayepita anawatupia samaki chakula. Kisicholiwa kinaoza, kinyesi nacho kinaoza, maji yanageuka mbolea. Ukiongeza samaki katika hali hiyo umeongeza kinyesi. Anakula mwani kwa mdomo na kuurutubisha kwa upande wa pili. Ni kama kuingiza mbuzi sebuleni ili ale majani yaliyodondoka kwenye zulia.

Halafu tumtazame huyo mfagizi mwenyewe. Wafugaji humwita pleko, na asili yake ni mito ya Amerika Kusini. Dukani ana urefu wa kidole. Akikua anaweza kupita sentimita 40. Sasa chukua tangi dogo la kawaida, urefu sentimita 60, upana 30, kimo 30. Samaki huyo hawezi hata kugeuka ndani yake. Na kadiri anavyokua ndivyo anavyouacha mwani na kungoja chakula cha wenzake. Muuzaji anayajua haya. Anachokuuzia ni samaki atakayekushinda.

Kwa Handeni kuna hesabu nyingine. Bomba kuu la Handeni huchota maji Mto Pangani, upande wa Korogwe, na kila aliyeishi huko anajua maana ya bomba kukauka na maji kuhesabiwa kwa dumu. Tangi nililolitaja linachukua lita 54 likijaa pomoni. Ukitoa mchanga na nafasi ya juu, yanabaki maji ya lita 45 hivi. Kulisafisha vizuri ni kubadilisha robo ya maji kila wiki, yaani zaidi kidogo ya nusu ya dumu la lita 20. Mtu anaweza kulitetea hilo mbele ya jirani, hasa kama maji yanayotolewa yanakwenda kwenye mchicha, ambao unayapenda. Lakini mwenye kufuga samaki mkubwa anayechafua kuliko wote atalazimika kubadilisha mara mbili au tatu ya kiasi hicho. Katika mji ambao mama anaamka usiku kupanga foleni ya maji, huo si ufugaji tena.

Dawa ya mwani ni mimea hai, na inatangulia samaki. Mmea unagombea na mwani chakula kilekile, na mmea unaokua haraka hushinda. Seratofilamu, gugu laini lisilo na mizizi linaloelea kama mkia, ni bora kwa anayeanza, kwa sababu halihitaji mbolea wala udongo maalumu. Valisneria, yenye majani marefu kama utepe, hujizalisha yenyewe mchangani. Anubiasi hukua polepole, basi ifunge kwenye jiwe au gogo mahali penye kivuli, maana ikipata mwanga mwingi majani yake yenyewe yataota mwani. Jaza mimea mpaka uone umezidisha. Washa taa saa sita hadi nane kwa siku, ondoa tangi dirishani, lisha kidogo. Kijani kitakachobaki kwenye kioo kifute kwa kitambaa safi kisicho na sabuni. Kitambaa hakili, hakinyi, hakikui.

Anayetaka lazima samaki wa kulamba majani asubiri miezi mitatu, tangi likomae, kisha atafute otosinklasi wachache, samaki wa sentimita nne hivi. Wakiwekwa kwenye tangi jipya lisilo na utando wa kula, wengi hufa njaa. Huyu naye ni mgeni. Lakini walau analingana na nyumba aliyopewa.

Najua kuna watakaosema: mimea ya nini kununua, na malambo yamejaa magugu? Hapa sina mzaha. Mimea ya lambo huja na konokono, na baadhi ya konokono wa maji yetu baridi ndio wanaobeba vimelea vya kichocho. Kiluwiluwi cha kichocho hutoka kwa konokono, huogelea, na kupenya ngozi ya mtu. Ukileta konokono huyo sebuleni, kisha mtoto akatumbukiza mkono kugusa samaki, umemletea nyumbani ugonjwa ambao mwalimu wake anamkataza kuufuata lamboni. Omba vipandikizi kwa mfugaji mwenzako, vikague jani kwa jani, uvitenge kwenye ndoo wiki kadhaa kabla ya kuvitia tangini.

Sasa nje ya tangi, ambako ndiko ugomvi wangu ulipo. Pleko akishakuwa mkubwa, mwenye nyumba hana moyo wa kumuua. Wa Korogwe anamwachia mtoni, wa Handeni anamwachia lamboni, na masika lambo likifurika linamfikisha korongoni. Anaita hiyo huruma. Kule Mexico, Florida na Ufilipino, samaki wa jamii hii walioachiwa hivyo wamezaana mpaka wakawa janga kwa wavuvi. Huvumilia maji yenye hewa kidogo, magamba yao magumu huchana nyavu, na madume huchimba mashimo kingoni mwa mto ili kutagiwa mayai. Wafikirie kwenye kingo za Pangani au za mifereji ya mpunga ya Mombo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu akija mwenyeji haponi.

Na mwenyeji yupo, ana jina. Mwaka 1955 mtafiti Mwingereza Rosemary Lowe aliwaelezea kisayansi perege wa bonde hili, mmoja akampa jina la mto, Oreochromis pangani, na mwingine jina la mji, Oreochromis korogwe. Ni miji mingapi ya Tanzania ina samaki wake katika vitabu vya dunia? Tunamjua samaki wa Amazon kwa jina la utani, na huyu wa kwetu tunamkaanga bila kujua kuwa ni wa kwetu.

Kuna jibu ambalo nimelisikia, na lina uzito: perege wa kutoka Nile amekwisha kusambazwa kwenye mabwawa na mito ya nchi hii kwa jina la maendeleo, anazaana na perege wa kienyeji na kufuta mbegu yao, kwa nini basi unamwandama mwenye tangi la lita 50? Ni kweli, madhara ya ufugaji wa chakula ni makubwa kuliko ya mapambo. Lakini yule wa chakula anaweza walau kusema analisha watu. Sisi wa mapambo tuseme nini? Tena gugu maji, lililokuja kuziba mialo ya Ziwa Victoria kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, lilitolewa kwao Amerika Kusini na kuzungushwa duniani kwa sababu tu lina ua zuri. Nalo lilikuwa pambo la bwawa la mtu.

Kwa hiyo anayetaka tangi alianze kwa mimea, na mfuko ule wa samaki mweusi auache dukani. Aliyekwisha kumnunua amrudishe, au ampe mwenye tangi kubwa. Akikosa pa kumpeleka, amuue na kumfukia, hata kama roho inauma. Mimea anayopunguza aianike juani mpaka ikauke kabla ya kuitupa. Maji ya tangi ayamwage kwenye mchicha, asiyamwage mtaroni, kwa sababu mitaro ya Korogwe inajua njia ya kwenda mtoni.