Nilikula Hela ya Kitabu

Mwezi huu kuna swali limenikwama kooni. Nilikuwa saluni, kichwa kiko ndani ya drai, dada wa kiti cha pili akaniuliza: "Hivi nyie mnaotengeneza magazeti, mkirudi nyumbani huwa mnasoma nini?" Nikacheka, nikamjibu juu juu. Moyoni nilishtuka, maana niliwahi kuulizwa swali la namna hiyo na mtu aliyetaka jibu la kweli, na nikadanganya. Nikakamatwa. Tena mbele za watu, meza imejaa nyama choma. Sijawahi kulisimulia popote, leo nalimwaga hapa.

Ilikuwa Desemba 2010. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni Mwanza, nasomea mawasiliano ya umma, najiona nimefika. Nikarudi nyumbani Moshi kwa Krismasi, siku nzima kwenye basi, vumbi la kati ya Singida na Babati limenibadilisha rangi ya nywele. Kama hujawahi kuiona Moshi ya mwezi wa kumi na mbili, pole yako. Wachaga wanarudi kutoka kila kona ya nchi, nauli inapanda, Double Road hakuna pa kuegesha hata baiskeli, na kila baa mbuzi wanaisha kabla ya saa mbili usiku. Ukimkuta mtu amekaa nyumbani Ijumaa ya kabla ya Krismasi, ujue anaumwa au ameokoka juzi.

Basi tukajikusanya watu watano, wote wa mtaa mmoja pale Majengo. Mmoja alikuwa ameshaanza kufundisha shule ya msingi. Mwingine alikuwa na bodaboda yake ambayo bado ilikuwa na nailoni kwenye siti. Kijana wa tatu alitoka Dar na gari alilosema ni lake (baadaye tulijua ni la bosi, lakini hiyo ni safu ya mwezi mwingine). Wa nne ni mimi. Wa tano ni shoga yangu, ambaye sisi wote tulimwita Fundi kwa sababu alikuwa na cherehani barazani kwao.

Nikueleze kidogo kuhusu huyu Fundi, vinginevyo hutanielewa.

Mimi na yeye tulijifunza kupenda kusoma kwenye karatasi za maandazi. Sifanyi utani. Mama mmoja mtaani alikuwa anafunga maandazi kwa magazeti ya zamani, na kwenye magazeti hayo kulikuwa na hadithi za kuendelea. Unakula andazi, unasoma, unafika pale msichana anafungua mlango na kumkuta... mafuta yamekula maandishi. Hapo ndipo Fundi alipokuwa mkali. Alikuwa anamalizia mwenyewe, tukiwa tumekaa kwenye ngazi za kwao, na miisho yake ilikuwa mitamu mpaka nikija kuiona ile halisi naona mwandishi ameharibu. Tulipofika sekondari tukahamia kwenye vitabu vyenyewe. Yeye alikuwa upande wa Joram Kiango wa Ben Mtobwa, mimi nilikuwa wa Willy Gamba wa Elvis Musiba, na tulishawahi kununiana siku mbili kwa kubishana nani angemshinda mwenzake wakikutana uso kwa uso.

Kitabu kilikuwa kinaanza kwake kwa sababu mimi nilikuwa mchafu. Nakunja kurasa, naweka alama kwa kijiko, nasoma huku nakoroga uji. Yeye anakivisha kwanza jalada la karatasi ya kaki. Alama yake ilikuwa kipande cha kitambaa kutoka kwenye mabaki ya mama yake, naye mama alikuwa mshonaji. Mpaka leo nikikuta kijitambaa cha kitenge ndani ya kitabu cha zamani, najua hiki kilipita kwake.

Kidato cha nne tulifaulu wote. Tena yeye alinipita. Lakini mwaka ule ule mama yake akapooza upande mmoja, na yeye ndiye mkubwa, nyuma yake kuna wadogo watatu. Mimi nikaenda kidato cha tano, yeye akakaa kwenye cherehani ya mama. Hakuna aliyeliita jambo hilo kwa jina. Ilikuwa tu hivyo, asubuhi moja nikapita na sanduku langu la bati, yeye anapima mtu mabega, akanipungia mkono wenye futi.

Oktoba 2010, nikijiandaa kurudi Mwanza, Fundi akanipa msimbazi mmoja mwekundu, noti ya elfu kumi, ameikunja mara nne. Akasema huko kwenye miji ya vyuo hapakosi duka zuri la vitabu, nimtafutie Vuta N'kuvute cha Shafi Adam Shafi. Alikuwa amesikia sifa zake kwa mdogo wake aliyekuwa anachukua HKL. Mimi nilisoma HGE, sikukutana nacho. Nikamwambia, "Hilo tu? Umekipata."

Sasa wewe uliyepita chuo unajua boom likichelewa inakuwaje. Lilichelewa. Ile noti nilianza kuimega kwa vocha ya buku mbili. Ikafuata chipsi mayai. Kilichobaki nikaongezea nikasuka rasta za kwendea pati ya kuwakaribisha mwaka wa kwanza. Boom lilipotoka nilikuwa na madeni mengine yanayopiga kelele zaidi, na deni la mtu aliye mbali halina sauti.

Na ukweli mwingine ni kwamba sikuwa nasoma tena. Nilikuwa nadesa. Madesa ya kila kozi, yaliyofotokopiwa mpaka herufi zimekuwa kivuli, unayakariri wiki ya mtihani, ukitoka unayaacha chini ya kitanda. Nilikuwa nasomea shahada ya mawasiliano, na kwa mwaka mzima na ushee sikuwa nimemaliza kitabu hata kimoja kwa hiari yangu. Hata aibu sikuiona. Chumba kizima tulikuwa hivyo.

Turudi mezani. Saa nne usiku, mbuzi ameletwa na ndizi za kuchoma, muziki juu, kijana wa Dar anaagiza kama mbunge. Fundi yuko pembeni yangu na Stoney yake. Akaniinamia sikioni.

"Shoga, kitabu changu?"

"Jamani kile kitabu! Nilikinunua wiki ile ile niliyofika. Nikasema ngoja nikionje, nikakimaliza, rummeti wangu akakipora. Nitakuletea Pasaka."

"Ulikimaliza? Kikoje?"

Hapo mtu mwenye akili angesema "kizuri" na kuchukua mfupa. Mimi nikafungua mdomo. Nilikuwa nimewahi kuyasikia majina mawili matatu chuoni kwa watu wa fasihi, nikayashona papo hapo.

"Kitamu we! Yale mapenzi ya Yasmin na Raza, mwenzako nililia."

"Ya Yasmin na Raza?"

"Eee. Yule kijana alivyompigania yule msichana..."

Fundi akaweka chupa chini taratibu. Hakupandisha sauti, ila muziki ulikuwa ndiyo umekatika kati ya wimbo na wimbo, na meza nzima ikasikia.

"Raza ni mzee, shoga yangu. Ndiye mume aliyeozeshwa. Yasmin alimkimbia."

Mwalimu ndiye aliyewahi kuangua kicheko. "Haaa! Msomi kala sup!" Wa bodaboda hakujua sup ni nini lakini alicheka mpaka akajipaliza. Na mimi nikacheka, unafanyaje sasa? Nilicheka huku masikio yanawaka moto. Kumbe Fundi alichoka kusubiri, Novemba akaenda kujiandikisha Maktaba ya Mkoa pale mjini, akaazima kitabu, akakisoma siku tisa kati ya mteja na mteja. Aliponiuliza kikoje, hakuwa ananitega. Alikuwa anataka tukizungumzie.

Ilipofika kuchanga bili nilikuwa na nauli tu. Fundi akanilipia, na hakusema kitu.

Saa nane usiku tukarudi kwa miguu, wenzetu wametangulia wanaimba, sisi wawili nyuma. Baridi ya Moshi usiku ule ilikuwa inapenya mpaka kwenye rasta za elfu kumi. Nikamwambia ukweli wote: vocha, chipsi, nywele. Alinyamaza mpaka tulipokaribia kona ya kwao.

"Hela ungeniambia umekula," akasema. "Njaa naijua, ningekusamehe kabla hujamaliza kusema. Lakini wewe ulitaka kunisimulia kitabu ambacho hujakisoma. Mimi, shoga?"

Nikasema samahani. Akaendelea kama hajanisikia.

"Hapa mtaani nikisoma sina wa kumwambia. Wateja wanataka sketi. Nilikuwa najisemea, si kitu, mwenzangu yuko kule, atakuwa anasoma kuliko mimi, akija tutakaa kwenye ngazi. Sasa kama na wewe husomi, mimi nizungumze na nani?"

Mpenzi msomaji, nimeshaachwa na mwanaume kwa meseji. Nimeshatolewa kwenye usaili wa kazi mbele ya watu. Hakuna kilichonikata kama lile swali, na sikuwa na jibu mpaka nilipopanda basi la kurudi Mwanza.

Januari nikaingia duka la vitabu kabla hata ya kulipa deni la mama ntilie. Nikanunua Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, riwaya ya mwaka 1971, inayoanzia Namagondo kule Ukerewe, ng'ambo tu ya maji kutoka pale nilipokuwa. Nilikisoma chote kwanza. Siku mbili, madesa yakiwa yamelala. Ni habari ya binti aliyebanwa nyumbani na baba mkali mpaka hajui dunia, na alipoachiwa ikammeza, na nilikisoma nikiwa binti wa miaka 21 aliye mbali na nyumbani, nikitazama rasta zangu kwenye kioo. Kilikuwa kinanisema. Kisha nikakivisha karatasi ya kaki, nikampa kondakta wa basi akipeleke Moshi. Siku ya tatu ikaja meseji.

"Kimefika. Umekisoma?"

"Niulize."

"Baba yake Rosa?"

"Zakaria. Mlevi."

Hakujibu siku nzima. Usiku akanipigia, wakati ule simu ilikuwa ghali ukipigia mtandao mwingine, tukaongea mpaka salio lake likakata katikati ya sentensi. Ilikuwa kama karatasi ya andazi iliyoingia mafuta. Nikamalizia mwenyewe.

Kwa hiyo dada wa saluni, jibu lako hili hapa. Nikirudi nyumbani huwa nimechoka kusoma, kwa sababu kutwa nzima nahariri, na kuhariri si kusoma, ni kama mpishi anayeonja chumvi. Ninasoma saa nne usiku, simu naiacha jikoni juu ya friji, maana ikiwa kitandani inashinda. Kurasa kumi, siku nyingine tatu. Kurasa bado nakunja. Nina tabia mbaya ya kuchungulia ukurasa wa mwisho, na Fundi ananiambia hilo ni sawa na kupekua simu ya mtu. Kwenye mwendokasi nilishajaribu, haiwezekani, utasomea kwapa la mwenzako. Mume wangu anasoma Mwanaspoti, na nimeacha kumsumbua, maana nimegundua analisoma lote, hadi matangazo, jambo ambalo mimi na riwaya zangu siliwezi.

Na kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa kumi jioni, Fundi ananipigia. Sasa ana cherehani tatu na mabinti wawili anaowafundisha kazi, na mama yake alifariki akiwa ameona duka. Tunasoma kitabu kimoja, kila mtu na nakala yake. Mwaka 2021 Amil Shivji alipotoa filamu ya Vuta N'kuvute, nilipata ujumbe wa maneno mawili tu kutoka Moshi: "Raza umemwona?" Nadhani nitazikwa nao.

Safari hii tuko na Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2022 ya kitabu cha Abdulrazak Gurnah, yule Mzanzibari aliyepata Nobeli ya fasihi mwaka 2021. Humo kuna kijana Yusuf anayechukuliwa na tajiri Aziz ili kulipia deni la baba yake. Fundi aliposoma hapo tu akanitumia meseji: "Wenzako deni wanalipa kwa mtoto. Lile langu?" Nikamtumia elfu kumi kwa simu dakika hiyo hiyo. Akairudisha. Nimeshaituma mara nyingi miaka hii, na kila mara anairudisha, na makato juu yake.

Naomba niishie hapa. Leo ni Alhamisi, Jumapili atapiga, na mimi bado niko sura ya pili.