Klorini, Florini na Mtego wa Istilahi

Wapo wanaoshikilia kuwa Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi. Dai hilo lilikwisha kupingwa kwa vitendo mwaka 1990, ilipochapishwa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Hoja yangu ni nyingine: sisi wanafunzi wa Kiswahili hupenda kuunda istilahi za sayansi kabla ya kuielewa sayansi yenyewe.

Nitoe mfano. Elektroni za atomi hujipanga katika matabaka kukizunguka kiini. Klorini ina elektroni 17, zilizopangwa 2, 8, 7. Florini ina 9, yaani 2, 7. Kila moja imepungukiwa na elektroni moja tu ili tabaka lake la nje litimie nane. Atomi iliyo katika hali ya gesi ikiipokea elektroni hiyo, nishati hutolewa: takribani kilojuli 349 kwa kila moli ya atomi za klorini, na 328 kwa florini. Florini hutoa kidogo kwa kuwa atomi yake ni ndogo mno. Elektroni zake zimebanana, na mgeni husukumwa na wenyeji.

Mwenye haraka ataiita sifa hii "mvuto wa elektroni". Jina hilo ni tamu, ila lina mtego. Atomi ina sifa nyingine, ile ya kuzivutia upande wake elektroni inazoshiriki na atomi nyingine katika kifungo cha kikemia. Katika sifa hiyo, florini ndiyo inayoongoza. Je, mwanafunzi akiulizwa ni ipi yenye mvuto mkubwa zaidi, ataje klorini au florini?

Kwa maoni yangu, sifa ya kwanza iitwe "nishati ya upokezi wa elektroni", na neno "mvuto" liachiwe ya pili. Atakayelalamika kuwa istilahi hii ni ndefu akumbuke kuwa ndefu iliyo wazi ni heri kuliko fupi ipotoshayo.

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi nchini Kenya, lakini kemia bado hufundishwa kwa Kiingereza katika shule zetu za upili. Siku mlango huo utakapofunguliwa, tusikutwe na maneno matupu mikononi. Wanafunzi wenzangu, twendeni tukaketi na wenzetu wa idara za kemia, tuwasikilize kwanza, kisha ndipo tuunde. Kuuliza si ujinga.