Pedali Ikizama Mteremkoni



Pengine mtasema, "Karani huyu anatuletea habari za motokaa, nasi hatuna hata baiskeli." Sawa. Lakini ukifika msiba Lushoto, sisi wa Bonde la Lwengera twakodi gari. Kabichi na viazi hushuka kwa gari, na mama mwenye uchungu hupelekwa hospitali kwa gari. Basi someni, na mwenye kijana dereva amsomee kwa sauti.

Toka Lushoto hadi Mombo, kupitia Soni, ni kilometa 30 na kidogo tu, lakini katika mwendo huo gari hushuka karibu mita 1,000. Kona hufuatana, upande huu mlima, upande ule korongo. Siku moja nalikuwa nashuka huko na pikapu, nimepakia wazee watano tuliotoka nao mazishini. Gia ni ya nne, na mguu wangu haukutoka juu ya breki, maana nalidhani kazi ya breki ndiyo hiyo. Chini ya Soni pedali ikazama mpaka chini, kama mguu uliokanyaga matope.

Sababu yake naliijua baadaye. Breki ikishikwa muda mrefu hupata moto mkali. Moto huo hufika kwenye mafuta ya breki, yakachemka na kutoa mvuke. Mafuta hayabonyei, ila mvuke hubonyea. Basi wewe wakanyaga, na nguvu yote inaishia kwenye mvuke, magurudumu hayapati kitu.

Nalifanya nini? Kwanza nalipiga pedali harakaharaka, mara nyingi, maana kwa kupigwa hivyo huweza kurudisha nguvu kidogo. Ikarudi kidogo kweli. Nikaingiza gia ya tatu, injini ikalia. Nikangoja mwendo upungue, ndipo nikaingiza ya pili. Breki ya mkono nayo nikaivuta polepole, kidole kikibonyeza kitufe chake ili niweze kuilegeza. Ukiivuta kwa nguvu mara moja, magurudumu ya nyuma yatakwama na mkia wa gari utakwenda pembeni, huko kwenye korongo. Mwisho nalilielekeza gari kwenye mfereji upande wa mlima, likasugua udongo, likasimama. Taa moja ilivunjika. Mzee mmoja akashuka, akajipangusa kanzu, akasema, "Mwanangu, Mombo si hapa."

Mambo mawili sikuyafanya, nami nashukuru. Sikuzima injini. Ukiizima, pedali huwa ngumu, usukani huwa mzito, na ukichomoa ufunguo usukani waweza kujifunga kabisa. Tena sikuweka nyutro. Najua madereva wengi huteremka na nyutro ili kubana mafuta. Hayo ni kujidanganya. Magari mengi ya siku hizi, ukishuka yakiwa ndani ya gia na mguu umeutoa kwenye mafuta, hukata mafuta yenyewe. Kwa hiyo mwenye nyutro hapati hata hiyo senti anayoitafuta, na injini, iliyo breki yake ya pili, ameiacha. Gia ya kupandia mlima, hiyohiyo ndiyo ya kushukia, nayo huingizwa juu kabla mteremko haujaanza. Mwenye gari la otomatiki naye atafute alama ya L au 2.

Msidhani haya ni ya pikapu kuukuu tu. Tarehe 24 Februari 2024, huko Ngaramtoni karibu na Arusha, lori lilishindwa breki likagonga magari mengine, na watu 25 wakafa.

Nanyi abiria mna kazi yenu. Mkisikia harufu ya kuungua mteremkoni, mwambieni dereva asimame, hata kama ni mkali. Breki zikikataa, msimshike mkono wala msipige kelele masikioni mwake, na mtu asiruke. Kaeni chini, mshike bodi. Gari likisimama, tanboi aweke jiwe mbele ya gurudumu, na matawi yakatwe yawekwe barabarani, mbali, juu ya kona, ili anayekuja aone. Mkiondoka, ondoeni mawe! Hili laniudhi sana: gari limekwisha kwenda zake, na jiwe lenu linamngoja mwenye pikipiki usiku.

Sisi tulikaa pale karibu saa nzima hata magurudumu yakapoa. Kijana mmoja alitaka kuyamwagia maji, nikamkataza, maana chuma chenye moto kikimwagiwa maji baridi huweza kupasuka. Kesho yake fundi wa Korogwe alifungua kichupa cha mafuta ya breki, akanionyesha: meusi kama kahawa. Akaniambia mafuta hayo huvuta unyevu wa hewani, na kadiri yanavyozeeka ndivyo yanavyochemka upesi. Hubadilishwa kila miaka miwili. Akaniuliza yalibadilishwa lini. Nalitazama daftari la gari, ambalo mimi mwenyewe ndiye mwandishi wake, sikuona hata mstari mmoja.