KADI YA CHAMA SI KIBALI CHA KULEA MTOTO

Ndugu wanachama, yako maneno yanayozungumzwa vibarazani na magengeni tangu mwezi uliopita, na kwa kuwa sasa yameletwa mpaka ofisini kwetu, yafaa tuyajibu hapa gazetini mbele ya watu wote, badala ya kuyajibu kwa kunong'ona.

Mama mmoja, mwanachama wetu wa siku nyingi, amefutiwa kibali cha malezi ya kambo. Alikuwa amekabidhiwa watoto watatu wa tumbo moja: msichana wa miaka 10, mvulana wa miaka 7 na mdogo wao wa miaka 3. Usiku mmoja, yapata saa 3, mama hakuwapo nyumbani. Msichana alikuwa akipika uji kwenye jiko la mkaa, yule mdogo akaivuta sufuria, na uji ukammwagikia kifuani na mkononi. Jirani alisikia kilio, akaja mbio, akalazimika kuvunja mlango kwa sababu ulikuwa umefungwa kwa nje. Mtoto amepona kwa rehema ya Mungu, ila mkono wake haujanyooka sawasawa. Afisa Ustawi wa Jamii alifanya uchunguzi, akaona si mara ya kwanza watoto hao kuachwa peke yao usiku. Watoto wakaondolewa, na kibali kikafutwa.

Jina la mama hatulitaji, wala kata yake. Wanaomjua wanamjua, na wasiomjua hawana haja ya kumjua.

Sasa wajumbe sita wa tawi wamekuja kwetu na ombi. Wanasema mama huyu ndiye anayepika katika mikutano yetu, ndiye anayewaamsha akina mama siku ya kura, na wakati wa mvua kubwa aliwalaza wageni wa Chama sebuleni kwake bila kudai hata chumvi. Wanasema afisa yule ni kijana, tena mgeni, amesoma vitabu lakini hajui desturi za hapa. Basi Chama kizungumze na wakubwa wake, kibali kirudishwe, watoto warudi, na mambo yaishe.

Jibu letu ni hapana. Na kwa kuwa ndugu zetu hawa hawakuja kwa nia mbaya, tunawawia sababu.

Kwanza, Chama hakikutoa kibali hicho, na hakina mamlaka ya kukirudisha. Watoto hawa wako chini ya Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya 2009, sheria tuliyoitunga wenyewe katika Bunge letu, ikafuta sheria za zamani, ikiwamo ile ya Watoto na Vijana iliyotungwa mwaka 1937 wakati wa Mwingereza. Sheria hiyo inasema kwamba katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi ya mtoto ndiyo yatangulie. Haisemi maslahi ya tawi. Siku Chama kitakapoanza kumpigia simu afisa ili amrudishie mwanachama kibali, siku hiyo hiyo mwananchi asiye na kadi atauliza yeye ampigie nani. Je, wazee wetu waliwatoa wakoloni ili tuje tugawane ofisi za umma kwa kadi? La hasha.

Pili, yako maneno ambayo tumeyasikia mara nyingi, na yanastahili jibu refu kidogo. Mzee mmoja katika ujumbe ule alituambia: “Vijana, hata sisi tuliachwa peke yetu. Tulichunga mbuzi tukiwa na miaka 6, tulipika, tulibeba wadogo zetu mgongoni, na tumekua.” Ni kweli, Mzee wetu. Lakini tukumbuke ule mji ulikuwaje. Palikuwa na bibi kibarazani, palikuwa na shangazi ng'ambo ya ua, na mtu mzima yeyote aliyepita alikuwa na ruhusa ya kumkanya mtoto na wajibu wa kumwokota. Mtoto aliachwa na mama yake, lakini hakuachwa na watu. Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Ujamaa mwaka 1962, aliuanzia hapo hapo, kwenye jamaa ambamo hapana yatima wa kutupwa. Na jambo hilo halikuwa hadithi tu. Ugonjwa wa Ukimwi ulipogunduliwa Kagera mwaka 1983, na kaburi likawa linafuata kaburi, wengi wa watoto waliobaki walichukuliwa na mabibi na majirani. Hawakungoja nyumba za serikali.

Lakini watoto watatu hawa hawakuwa katika mji wa namna hiyo. Walikuwa katika chumba na sebule cha kupanga, kandokando ya barabara ya bodaboda, jiko la mkaa ndani, mlango umefungwa kwa kufuli. Bibi hayupo. Shangazi hayupo. Mwenye macho alikuwa msichana wa miaka 10, na yeye mwenyewe ni mtoto anayestahili kutazamwa. Tukiitumia desturi ya wazee kutetea kufuli, tunawasingizia wazee.

Tena mtoto wa malezi ya kambo si sawa na mtoto uliyepelekewa na dada yako. (Neno lenyewe “kambo” lina harufu mbaya katika lugha yetu kwa sababu ya hadithi za mama wa kambo, hatujui kwa nini wakubwa hawakutafuta neno zuri zaidi.) Mtoto wa dada yako akiteseka, dada atakuja, au babu atakuja, au ukoo utakaa kikao. Mtoto huyu hana wa kuja. Aliyemleta kwako ni taifa zima, kwa mkono wa afisa, na karatasi ile ndiyo ukoo wake. Taifa lisipoweza kuitwaa tena karatasi hiyo panapokuwa na hatari, basi mtoto huyo hana ukoo hata kidogo.

Tutatoa mfano, na tutautoa Uingereza, kwa wale waliotuambia miaka yote kwamba wao ndio walimu wa ustaarabu. Mwezi Juni 1944, Halmashauri ya mji wa Newport, huko Wales, ilimkabidhi mtoto aitwaye Dennis O'Neill kwa mkulima mmoja na mkewe katika shamba lililo Shropshire, mkoa mwingine kabisa. Newport ilidhani Shropshire inamtazama. Shropshire haikujiona kuwa ndiyo yenye dhamana. Desemba mwaka ule karani mmoja alifika shambani, akaona mtoto ana hali mbaya, akaandika kwamba aondolewe. Karatasi ikalala. Tarehe 9 Januari 1945, Dennis alikufa kwa kupigwa na kwa njaa. Alikuwa na miaka 12. Mwenye shamba alifungwa miaka 6. Uchunguzi wa serikali ulifanyika mwaka huo huo, kamati ikatoa ripoti yake mwaka 1946, na mwaka 1948 Bunge lao likatunga sheria mpya iliyoweka ofisa wa watoto katika kila halmashauri.

Hatuandiki haya ili kuwacheka, wala hatumfananishi mama yetu na mkulima yule. Yule alikuwa mkatili, na huyu hakuwahi kuinua fimbo. Tunayaandika ili ndugu wanaomlaumu afisa kijana waone gharama ya afisa anayesitasita. Karani wa Newport aliona, akaandika, lakini siku za kusubiri zikawa nyingi kuliko siku za mtoto. Afisa wetu aliona, akatenda. Kwa hilo tunampongeza, awe mgeni au mwenyeji.

Hata hivyo hatumpi pongezi zote, wala hatuipi Halmashauri. Tumeuliza ni mara ngapi nyumba ile ilitembelewa tangu watoto wafike, na tukajibiwa kwamba afisa ni mmoja kwa kata nyingi na hana chombo cha kusafiria. Basi makosa ya mama yamepatikana baada ya mtoto kuungua, na si kabla. Angetembelewa, angeonywa, angeonywa, labda angerekebika, na pengine leo watoto wangekuwa kwake. Kufuta kibali ni dawa ya mwisho. Anayeifanya ya kwanza kwa sababu hakuwa na nauli amefanya nusu ya kazi yake, na nusu hiyo nyingine tunaidai kwa Halmashauri katika kikao kijacho cha madiwani.

Vile vile tunataka ijulikane kwamba umaskini si kosa. Wako walioanza kusema katika kata ile kwamba mama alinyang'anywa watoto kwa kuwa analala kwenye mkeka na anakula mlo mmoja. Maneno haya yakienea, hapana mtu maskini atakayejitokeza tena kumchukua mtoto wa mwenziwe, na wengi wanaowachukua ni maskini. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 juu ya watoto wasio na malezi ya wazazi inakataza mtoto kuondolewa kwa wazazi wake kwa sababu ya umaskini peke yake, na sisi hatuoni kwa nini mlezi wa kambo ahukumiwe kwa kipimo kingine. Mkeka hauunguzi mtoto. Kilichokosekana nyumbani mle ni mtu mzima mmoja aliye macho, na huyo hauzwi dukani. Tulipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mwalimu wa zamu anaweza kuwa na sare iliyochakaa, na asilaumiwe. Lakini akiliacha bweni usiku, hapana udhuru.

Sasa tuje kwenye lililo gumu kwetu kuliandika. Usiku ule mama alikuwa wapi?

Alikuwa kwenye mkutano wetu. Ulipangwa kuanza saa 10 alasiri. Mgeni rasmi alichelewa, tukaanza saa 12 jioni, na ulipofika wakati wa hotuba kila mmoja wetu alitaka kusikika. Hotuba ndefu kuliko zote ilikuwa yetu. Mama alikuwa nyuma ya ukumbi na masufuria ya wali, akingoja tumalize ili agawe chakula. Tulimwona. Tulijua ana watoto watatu nyumbani, wala hapana aliyemwuliza wako na nani. Na siku nyingine, tukipita kwake usiku kumpa taarifa za mkutano, tuliwakuta watoto peke yao, tukamwachia ujumbe yule msichana, tukaendelea na safari yetu. Sheria ile ile inamtaka mwananchi yeyote mwenye habari ya mtoto ambaye haki zake zinavunjwa aipeleke serikali za mitaa. Iko hata simu namba 116 ya kumsaidia mtoto. Sisi tulikuwa na habari, na simu mkononi.

Hili halimwondolei mama dhamana yake. Angeweza kukataa, angeweza kumwomba jirani. Lakini wajumbe wanaotaka Chama kimlipe mama kwa kazi yake kwa kumrudishia watoto, wajue kwamba kazi hiyo hiyo ndiyo iliyomtoa nyumbani.

Kwa hiyo tumeamua mambo machache katika eneo letu. Mikutano ya matawi itaanza saa 9 alasiri na kufungwa saa 12 jioni, mgeni rasmi awe amefika au hajafika. Wapishi watafanya kazi kwa zamu. Balozi wa kila shina atajua katika nyumba zake ni ipi yenye mtoto wa malezi ya kambo, atapita kubisha hodi, na mlezi akiwa na safari atajua pa kuwaacha watoto. TANU ilipoanzisha mashina ya nyumba kumi kumi katika miaka ya 1960, kazi yake haikuwa kuhesabu kura tu.

Mama mwenyewe hakuwatuma wale wajumbe sita. Tulipomwendea wiki iliyopita tulimkuta akiosha masufuria ya ukumbini, yale yale. Hakutuuliza habari za kibali. Alituuliza watoto wako wapi, kama wote watatu wako pamoja, na yule mdogo mkono wake unaendeleaje. Hatukuwa na jibu. Jumatatu saa 2 asubuhi tutakwenda naye mpaka ofisi ya Ustawi wa Jamii kuuliza.