Maporomoko ya theluji Alps: Kwa nini ngazi ya 3 huua zaidi

Wataalamu wa Uswisi na Austria hutoa taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji kila siku wakati wa majira ya baridi. Hata hivyo, takriban nusu ya vifo hutokea siku ambazo kipimo cha hatari kiko katikati, wala si kileleni.

Kipimo hicho, kinachotumika Ulaya tangu mwaka 1993, kina ngazi 5. Kumbukumbu ya umma imeshikwa na majanga makubwa kama la Galtür, katika jimbo la Tyrol nchini Austria. Februari 23, 1999, theluji iliporomoka hadi ndani ya kijiji hicho na kuua watu 31, wengi wao watalii. Siku iliyofuata wengine 7 walifariki katika kitongoji jirani cha Valzur. Baadhi ya nyumba zilizobomolewa zilikuwa kwenye eneo ambalo ramani rasmi ililihesabu kuwa salama. Baadaye ramani zilichorwa upya na kuta za kinga zikajengwa.

Siku za ngazi ya 4 na ya 5, barabara nyingi hufungwa na watu hukaa ndani. Ngazi ya 3 ina hila yake. Mara nyingi anga ni jeupe, theluji ni mpya, na msomaji anaona namba ya katikati, basi anaidhania kuwa ya wastani. Kwa Kijerumani ngazi hiyo huitwa "erheblich", yaani hatari isiyo haba. Tena ngazi hizi hazifanani na za nyumba, zenye vimo sawa: kutoka ya 2 hadi ya 3 hatari huruka, na uzito wa mtu mmoja unaweza kutosha kuporomosha mteremko.

Chanzo hujificha chini. Theluji ya mwanzo wa msimu ikiwa chache na usiku ukawa wa baridi kali, hugeuka chembe zisizoshikana, mfano wa sukari. Upepo na theluji mpya huweka juu yake bamba zito. Mtelezaji anapolikanyaga kwenye mteremko wa zaidi ya nyuzi 30, tabaka hilo dhaifu huvunjika na bamba zima huondoka naye. Takriban ajali 9 kati ya 10 za vifo huanzishwa na waathirika wenyewe au wenzao. Aliyefukiwa hutegemea wenziwe wenye sepetu, kwani baada ya nusu saa wengi huwa wamekwisha kukosa hewa, na helikopta ni nadra kuwahi.

Taasisi ya utafiti wa theluji ya Davos, Uswisi, imekuwa ikiigawa ngazi hiyo tangu majira ya baridi ya 2022/23: 3 ya chini, ya kati na ya juu. Ni hatua ya maana, ila humfaa zaidi yule ambaye tayari ana mazoea ya kuisoma taarifa yote, si namba pekee. Tyrol na majimbo jirani ya Italia, Südtirol na Trentino, hutoa taarifa yao ya pamoja saa kumi na moja jioni, mkesha wa safari, wakati njia ya kesho bado inaweza kubadilishwa.