Tiba ya mpasuko wa mkundu

Mpasuko wa mkundu ni ufa katika ngozi laini ya njia ya haja kubwa, unaoleta maumivu makali na damu wakati wa kujisaidia. Kukata sehemu ya msuli unaobana mkundu huponya zaidi ya 90% ya wagonjwa, ila wachache hushindwa kuzuia gesi au kinyesi.

Kwa hiyo marhamu ya nitrogliserini, inayolegeza msuli huo, ilipokewa kwa matumaini: katika jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 1997 walipona 68%, dhidi ya 8% waliopakwa marhamu isiyo na dawa. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2012, uliojumlisha majaribio mengi, ulipata takriban 49% dhidi ya 36% tu, na karibu nusu ya waliopona waliugua tena. Tena huumiza kichwa. Bado ni busara kuanza nayo, maana msuli uliokatwa ni vigumu kuurudisha.